Usilolijua ni Usiku wa Kiza: Watu wa Lamu na Haki ya Kujua

Wahenga walisema usilolijua ni usiku wa kiza. Methali hii aghalabu hutolewa kama nasaha kwa kijana anayeanza safari, au kama udhuru wa mgeni aliyepotea njia. Lakini si kila kiza huletwa na usiku. Kuna kiza kinachotengenezwa na mtu: taa ipo, mafuta yapo, utambi upo, ila mwenye taa ameamua kuifunika. Katika historia ya mwambao wa Afrika Mashariki kiza cha namna hii kimekaa sana ndani ya majalada ya serikali, na gharama yake wameilipa watu ambao riziki yao imo baharini, kondeni na mikokoni. Visiwa vya Lamu, katika miaka iliyofuata 2010, viliona kiza hicho mara mbili. Mara ya kwanza taa ilifunuliwa jambo likiwa limekwisha tendeka. Mara ya pili ilifunuliwa mapema. Tofauti ya mara mbili hizo ndiyo funzo lenyewe.

Lamu, au Amu kama wenyewe wanavyoiita, si mji uliongojea serikali uufundishe thamani ya maandishi. Tenzi zilinakiliwa huko kwa mkono na kwa hati ya Kiarabu tangu zamani. Siyu, katika kisiwa jirani cha Pate, ilisifika kwa wanakili wa misahafu. Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Elimu ya bahari nayo ni kubwa. Mvuvi wa huko anajua kusi na kaskazi, anajua bamvua na maji mafu, anajua mkondo upi hupitika maji yakijaa na upi humwacha mtu juu ya fungu. Watu wenye elimu mbili za namna hii hawawezi kuitwa wajinga. Walichokosa ni elimu ya tatu, ile iliyokuwa ikiandikwa juu yao, mbali nao, kwa lugha isiyokuwa yao.

Ukosefu huo una mizizi mirefu. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ya Uingereza ilipitisha sheria ya hati za ardhi kwa ukanda wa pwani, ukanda uliokuwa bado ukihesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar. Sheria ile ilimtaka kila anayedai ardhi apeleke madai yake kwa msajili. Ardhi ambayo haikudaiwa ilihesabiwa kuwa ya Mfalme wa Uingereza. Kwa maandishi, mlango ulikuwa wazi kwa wote. Kwa vitendo, walioweza kuupita ni wale waliokuwa karibu na miji, wenye hati mikononi, na wenye mtu wa kuwasomea tangazo. Waliobaki walikuja kugundua baadaye kwamba konde waliyolima babu zao ilikuwa na mwenyewe mwingine. Uhuru ulipokuja, ardhi ya Mfalme ikawa ardhi ya serikali, na wengi wakaendelea kuitwa maskwota palepale walipozaliwa. Hawakunyang'anywa kwa upanga. Walinyang'anywa kwa tangazo ambalo halikuwafikia.

Desturi ya serikali kuficha majalada yake nayo ilirithiwa. Sheria ya Siri za Serikali ya Kenya, iliyopitishwa mwaka 1968, ilifuata mfano wa sheria za Uingereza, na ilimfanya mtumishi wa umma aone kila karatasi kuwa amana ya mwajiri wake, wala si mali ya raia. Hata pale milango ilipoanza kufunguliwa, ilifunguliwa kwa wenye nauli. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 ilitamka kwamba mtu yeyote aweza kuomba kuona kumbukumbu zilizopelekwa kwa mamlaka ya mazingira, baada ya kulipa ada. Lakini makao makuu ya mamlaka hiyo yako Nairobi, na mvuvi wa Kizingitini au Faza ilimbidi avuke maji kwanza, kisha asafiri siku nzima na zaidi kwa barabara, ili aombe kusoma ripoti ambayo pengine hakujua kuwa ipo. Haki ya namna hiyo inafanana na kisima kilichochimbwa mbali na kijiji: maji yamo, ila wenye kiu hawafiki.

Duniani, fikra ya kwamba karatasi za serikali ni mali ya umma ina umri mkubwa. Sweden iliitungia sheria mwaka 1766. Lakini ilichukua zaidi ya karne mbili kwa fikra hiyo kufungamana na mazingira, na kilichoifungamanisha ni misiba. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984, gesi ya sumu ilivuja katika kiwanda cha dawa za kuulia wadudu huko Bhopal, India, ikaua maelfu ya watu. Wakaazi wa mitaa iliyozunguka kiwanda hawakuwa wameambiwa ni kitu gani kilichohifadhiwa ng'ambo ya ukuta, wala wafanye nini kikitoka. Miaka miwili baadaye Marekani ilitunga sheria ya kuvilazimisha viwanda vyake kutangaza sumu wanazohifadhi na wanazotoa. Mwaka 1992, katika mkutano wa Rio de Janeiro, mataifa yalikubaliana katika kanuni ya kumi ya azimio lao kwamba mambo ya mazingira huamuliwa vyema watu wanaohusika wakishirikishwa, na kwamba kila mtu apate habari zilizo mikononi mwa serikali, ashiriki katika uamuzi, na awe na mahali pa kudai haki akinyimwa. Mkataba wa Aarhus wa mwaka 1998 uliyageuza mambo hayo matatu kuwa sheria kwa nchi zilizouridhia, nyingi zikiwa za Ulaya.

Kenya ilijiunga na mkondo huo kwa katiba yake mpya ya tarehe 27 Agosti 2010. Kifungu cha 35 kilimpa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na kikaongeza kwamba serikali yenyewe itachapisha na kutangaza habari yoyote muhimu inayoligusa taifa. Kifungu cha 42 kilimpa kila mtu haki ya mazingira safi yenye afya. Kifungu cha 69 kiliilazimisha serikali ihimize ushiriki wa umma katika kuyatunza mazingira hayo. Wino wa katiba ulikuwa haujakauka vyema ulipofika mtihani wake wa kwanza mkubwa katika maji ya Lamu.

Tarehe 2 Machi 2012, Rais Mwai Kibaki wa Kenya, Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia walifika Lamu kuuzindua mradi wa LAPSSET: bandari, reli, barabara, bomba la mafuta na viwanja vya ndege, vyote vikiunganisha pwani hiyo na nchi za ndani. Bandari ilipangiwa gati 32 katika ghuba ya Manda. Wenyeji waliyasikia hayo kama watu wanaosikia khabari za harusi ya binti yao kutoka kwa majirani. Nani atahamishwa? Mikoko kiasi gani itakatwa? Mkondo utakaochimbwa upite vyombo vikubwa utaachia wapi mahali pa kutupa nyavu na kuzamisha madema? Majibu, kama yalikuwapo, yalikuwa katika majalada.

Uzito wa maswali hayo haufahamiki bila ya kuufahamu uvuvi wenyewe. Mvuvi wa dau au mashua ndogo haendi nje ya mwamba akipenda, hasa kusi ikivuma. Riziki yake imo katika maji ya ndani yaliyokingwa na visiwa, katika mikondo inayopita kando ya mikoko, ambamo samaki huzaliana na kamba hukulia. Sakafu ya bahari ikichimbwa, tope hutanda, matumbawe hufunikwa, na majani ya bahari hukosa mwanga. Samaki huhama, chombo kidogo hakiwezi kuwafuata. Kwa hiyo habari ya kwamba mkondo fulani utachimbwa haikuwa habari ya maendeleo tu. Kwa mvuvi ilikuwa sawa na mkulima kuambiwa kwamba konde yake itageuzwa barabara.

Mwaka huohuo wa 2012 wakaazi walikwenda mahakamani, katika kesi inayojulikana kwa jina la Mohamed Ali Baadi na wenzake dhidi ya Mwanasheria Mkuu. Iliendeshwa kwa miaka sita. Huku mawakili wakibishana, mitambo nayo ilikuwa kazini, na ripoti ya tathmini ya athari za mazingira kwa gati tatu za kwanza ilikwisha tolewa mwaka 2013. Hukumu ya Mahakama Kuu ilisomwa tarehe 30 Aprili 2018. Mahakama iliona kwamba mpango mzima ulipaswa kutathminiwa kwanza kabla ya kuanza vipande vyake; kwamba haki ya watu ya mazingira safi ilivunjwa; kwamba uvuvi wa jadi ni sehemu ya utamaduni unaolindwa na katiba; na kwamba watu walinyimwa haki yao ya kupata habari. Katika jambo hili la mwisho hukumu iliweka msingi mzito. Serikali haiwezi kujitetea kwa kusema kwamba hakuna aliyeomba. Mradi unaogusa maisha ya watu kwa kiasi kile, ni wajibu wa serikali kuueleza bila ya kungoja kuulizwa.

Mahakama iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 za Kenya. Ni fedha nyingi zikitajwa kwa pamoja. Zikigawanywa sawasawa, ni kama shilingi 380,000 kwa kila mvuvi. Hata hizo hazikufika mikononi mwao mara moja, kwani rufaa na mashauriano yaliendelea kwa miaka. Ilipofika tarehe 20 Mei 2021 gati ya kwanza ilifunguliwa na Rais Uhuru Kenyatta, na meli kubwa zikaingia katika maji ambamo zamani ziliingia jahazi. Wavuvi walikuwa wameshinda kesi, lakini ushindi haukuurudisha mkondo. Haki ya kujua ilithibitishwa baada ya kile walichopaswa kukijua kwisha kutendeka, na haki ikichelewa namna hiyo hubakiwa na lugha moja tu ya kusema, nayo ni lugha ya fedha.

Kisa cha pili kilikwenda kando kwa kando na cha kwanza. Huko Kwasasi, upande wa bara, kiasi cha kilomita 20 kutoka Mji Mkongwe, kampuni ya Amu Power ilikusudia kujenga kituo cha kuzalisha umeme wa megawati 1,050 kwa makaa ya mawe. Bomba la moshi lilipangwa kufika urefu wa mita 210. Makaa yalitarajiwa kuletwa kwanza kwa meli kutoka Afrika Kusini. Kenya haikuwa na kituo kingine cha namna hiyo, kwa hiyo wenyeji hawakuwa na jirani wa kumwuliza. Majivu yatahifadhiwa wapi? Upepo wa kusi utaupeleka wapi moshi? Maji yatakayotolewa yakiwa na joto yatawafanya nini samaki? Maswali haya yalikuwa ya kitaalamu, ila yaliulizwa na watu wanaoujua upepo na maji kuliko wataalamu wengi.

Tarehe 7 Septemba 2016, Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira ilitoa leseni. Wiki moja tu kabla, tarehe 31 Agosti, Rais alikuwa ametia saini Sheria ya Upatikanaji wa Habari. Leseni na sheria hiyo ni kama pacha walionyonya ziwa moja wakatofautiana tabia: moja ilitoka katika desturi kongwe ya kuamua kwanza na kueleza baadaye, nyingine iliahidi kuiondoa desturi hiyo.

Save Lamu, muungano wa wenyeji, pamoja na wakaazi watano, walikata rufaa mbele ya Baraza la Kitaifa la Mazingira. Hoja yao kubwa haikuhitaji elimu ya kemia. Walisema kwamba watu hawakushirikishwa kama sheria inavyotaka. Kanuni za mwaka 2003 ziko wazi: mwenye mradi aweke mabango mahali penye watu, atangaze gazetini kwa wiki mbili mfululizo, atangaze redioni kwa lugha rasmi na lugha za wenyeji, kisha afanye mikutano isiyopungua mitatu na watu watakaoguswa. Kampuni ilijibu kwamba mikutano ilifanyika. Na ni kweli kuna mikutano iliyofanyika. Swali lilikuwa: watu waliambiwa nini humo?

Baraza lilitoa uamuzi wake tarehe 26 Juni 2019, na hapo ndipo kesi ya Lamu ilipopata umuhimu wake katika historia. Liliona kwamba mikutano ile ilikuwa ya kuutambulisha mradi, na ilifanyika kabla ya utafiti kukamilika. Utafiti ulipokamilika, ukaonyesha madhara yanayoweza kutokea na njia za kuyapunguza, matokeo yake hayakurudishwa kwa watu wayafahamu na kuyajadili. Kumwita mtu mkutanoni kabla ya kuwapo kitu cha kumweleza si kumshirikisha. Baraza liliona pia kwamba suala la mabadiliko ya tabianchi halikutazamwa ipasavyo. Leseni ikafutwa. Kampuni ilikata rufaa, na mwezi wa Oktoba 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Malindi iliitupilia mbali rufaa hiyo. Kati ya leseni na hukumu hiyo ilipita miaka tisa, na katika miaka yote hiyo kituo hakikujengwa.

Visa hivi viwili vikiwekwa ubavuni pamoja, tofauti yao inajieleza yenyewe. Watu ni walewale, maji ni yaleyale, katiba ni ileile. Katika kisa cha bandari, habari ilifika nyuma ya mitambo. Watu wakapata fidia. Katika kisa cha makaa ya mawe, habari ilidaiwa mbele ya mitambo. Watu wakabaki na ardhi, upepo na maji yao. Hapa ndipo inapoonekana kwamba haki ya kujua haiwezi kuhesabiwa kuwa nyongeza juu ya haki za mazingira. Ndiyo mlango wa haki hizo. Aliyejua kwa wakati aweza kukataa, kukubali kwa masharti, au kuomba kitu kihamishiwe kwingine. Aliyejua baada ya wakati huweza kulalamika tu.

Insafu yataka isemwe pia kwamba Lamu haikuwa na kauli moja. Walikuwapo waliotaka bandari kwa ajili ya ajira za watoto wao, na waliotaka kituo cha umeme kwa sababu hiyohiyo. Na umasikini wa kaunti hiyo haukuwa wa kubuni. Lakini hao nao walinyimwa kilekile walichonyimwa wenzao. Ajira ngapi, za ujuzi gani, kwa muda gani, na kwa nani? Mwenye kukubali bila ya kujua hana tofauti na mwenye kukataa bila ya kujua: wote wawili wanatembea usiku. Haki ya kupata habari haimwambii mtu aamue nini. Humpa tu mwanga wa kuamulia.

Limebaki suala la lugha, nalo si dogo kwa wapenzi wa Kiswahili. Sheria ya mwaka 2016 yasema kwamba ombi la habari laweza kuandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili; kwamba asiyeweza kuandika asaidiwe na afisa kuliandika ombi lake; na kwamba jibu litolewe ndani ya siku 21, au saa 48 ikiwa uhai au uhuru wa mtu umo hatarini. Hiyo ni hatua kubwa. Lakini ombi likiandikwa kwa Kiswahili na ripoti ikarudi kwa Kiingereza, mamia ya kurasa zenye majedwali ya hewa chafu na vipimo vya kelele, mlango umefunguliwa nusu. Ufukara wa lugha hauwezi kutajwa kuwa sababu. Lugha iliyobeba falaki, fikihi na tabia za bahari kwa karne nyingi ina maneno ya kutosha kumweleza mvuvi kwamba majivu yatalazwa wapi na yakipeperushwa yataangukia wapi. Na isipokuwa na neno, inajua kulitafuta. Kinachokosekana ni nia ya kueleza.

Yapo mengi yasiyokwisha. Gati tatu zimekwisha jengwa katika ghuba ya Manda, na nyingine 29 zimebaki katika mpango. Kila moja itakuwa na ripoti yake, na kila ripoti itakuwa na afisa anayeishika. Lakini wazee wa Lamu waliokwenda kukaa katika mabenchi ya mahakama, mwaka baada ya mwaka, wameacha kitu ambacho waliowatangulia mwaka 1908 hawakuwa nacho. Siku hizo tangazo lisipomfika mtu, kosa lilihesabiwa kuwa lake. Baada ya hukumu za 2018 na 2019, kosa ni la aliyepaswa kulifikisha. Kiza cha usiku huondolewa na jua kuchomoza, na hakuna anayelaumiwa kwa kukawia kwake. Kiza cha jalada kina mwenyewe, ana ofisi na ana cheo, na sasa yumkini kumgongea mlango na kumtaka aitoe taa nje.